Kamba ya Mtumbwi wa Bibi Helju

Hebu nikutege wewe unayesoma: mgeni hana miguu, hapigi hodi, na akifika uani kuku hukimbilia darini. Nani huyo? Kama umesema mafuriko, umejibu kama mtoto wa Soomaa, nchi ya vinamasi. Huko theluji ikiyeyuka, vinamasi hunywa mpaka vikatapika, na barabara hulala chini ya maji.

Majira hayo, Ivar, mvulana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi moja kila asubuhi: kuwapelekea kondoo nyasi kavu kwenye banda la kilimani. Alikwenda kwa mtumbwi ambao marehemu babu yake aliuchonga kwa gogo moja.

Siku hiyo alipofungua mlango, maji yalikuwa yamemeza vidato vya chini vya ngazi. Mtumbwi haukuwepo.

"Bibi! Mtumbwi umekwenda!"

Bibi Helju alitoka na mwiko wa uji mkononi. "Umekwenda wapi, una miguu? Jana jioni nani aliufunga?"

Ivar alifungua mdomo, kisha akaufumba. Kando ya nguzo ya ngazi, ncha ya kamba ilikuwa ikielea. Aliishika akaitazama.

"Bibi, imekatwa kwa kisu!"

Mawazo yake yakaruka moja kwa moja kwa binamu yake Merike, aliyekuja kutoka jiji la Tallinn kutazama mafuriko. Jana Merike alimwomba amwache apige kasia, naye Ivar akamcheka: "Mtoto wa mjini, wewe utazama hata kwenye beseni!" Bila shaka amelipiza kisasi.

Mezani Ivar hakuonja uji. Alimchungulia Merike kama paka anavyochungulia tundu la panya. Mikono ya sweta ya Merike ilikuwa imelowa. Kwenye kisu cha mkate palikuwa na nyuzi za kamba.

"Umelowaje?"

"Nilinawa."

"Mpaka viwiko? Na kisu nacho kilinawa?"

Merike aliinamia bakuli. Ng'ambo ya maji kondoo walikuwa wakilia kwa njaa.

"Merike," Bibi alisema, na sauti yake haikuwa na utani, "kama umefanyia mzaha chakula cha wanyama, leo hii nampigia mama yako aje akuchukue."

Merike alimtazama Ivar, akanyamaza. Ivar akajisemea: kimya cha mwizi hicho.

Mara sauti ikasikika nje. "Helju! Siku hizi unafuga mitumbwi inayotoroka?" Alikuwa jirani yao, Mzee Endel, akivuta mtumbwi nyuma ya mashua yake. "Nimeukuta umenasa vichakani, umejaa maji nusu."

Waliyamwaga maji yaliyomo, wakapakia nyasi, na Mzee Endel akajitolea kuzipeleka. Punde kondoo wakatulia. Lakini pale barazani hakuna aliyetulia.

"Niliikata mimi," Merike alisema ghafla, machozi yakimlengalenga. "Alfajiri nilisikia mbao za ngazi zinalia. Pua ya mtumbwi ilikuwa imevutwa chini, maji yanaingia. Fundo lilikuwa ndani ya maji, nikashindwa kulifungua. Nilipokata kamba, mkondo ukaninyang'anya mtumbwi."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Ungeuliza nani aliufunga."

Bibi alishuka ngazini. Alipiga magoti, akazamisha mkono kwenye maji ya barafu, akaifuata kamba mpaka kwenye fundo. Hata ukiongeza kipande kilichobaki mtumbwini, kamba ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Soomaa hata mtoto mdogo anajua kwamba wakati wa mafuriko kamba huachwa ndefu, mtumbwi upate kupanda na maji.

Bibi aliinuka, akamfunika Merike kwa shali lake. "Nisamehe, mjukuu wangu. Nimekuhukumu kwa sweta iliyolowa. Dhana mbaya ni kama kinamasi: juu unaona majani, ukikanyaga unazama. Na kosa likifichwa halikai bure, hutafuta mgongo wa mwingine likapanda."

Alisema hayo akiyatazama maji. Hakumgeukia Ivar hata kidogo, na hilo lilimchoma Ivar kuliko kofi. Angeweza kunyamaza, hakuna aliyemtaja. Alimtazama binamu yake akitetemeka ndani ya shali.

"Bibi," alisema, "uliuliza nani aliufunga. Ni mimi. Vidole viliniganda, nikafunga fupi nikakimbilia ndani."