Shemeji Alimuuza Mbwa Aliyebeba Barua ya Mke Wangu Tumboni

Mbwa wangu aliuzwa nikiwa nimelala hospitali, mgongo umefungwa, siwezi hata kugeuka.

Aliyemuuza ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu.

Na ndani ya tumbo la yule mbwa kulikuwa na barua ya mwisho ya mke wangu. Nilikuwa sijawahi kuisoma.

Naomba mnisome hadi mwisho. Najua wengi mtamtukana shemeji. Hata mimi nilimtukana.

Naitwa Honma, nina miaka hamsini na sita. Shule niliacha nikiwa na kumi na tano, nikapelekwa kwa fundi wa sanamu za hekaluni hapa Inami, Japani. Siku hizi nachonga wanyama. Mbwa, kulungu, nguruwe mwitu, ukubwa wao halisi, kwa mti wa mkafuri. Watu wanatoka Tokyo kuja kununua.

Mnajua wanachokipenda? Wanyama wangu hawamtazami mtu.

Kuna mwandishi wa gazeti aliandika maneno mengi kuhusu hilo. Mimi nawajua wanunuzi wangu tu. Wengi wanaishi peke yao. Mnyama akikukodolea macho, unaona aibu. Akitazama pembeni, unaweza kukaa naye.

Sasa, fundi wangu alinifundisha hivi. Gogo zima hupasuka likikauka. Kwa hiyo unalipasua wewe kwanza, unalichimba ndani, halafu unaunganisha kwa gundi. Kabla ya kuunganisha, mwenye haja yake anaandika ombi, linawekwa tumboni. Likishafungwa, halisomwi. Si na fundi, si na mwenye sanamu. Ombi likisomwa, limekufa.

Mke wangu Yaeko aliandika la kwake akiwa amebakiza miezi miwili. Nilikuwa namchonga Goro, mbwa wetu aliyekufa mwaka mmoja kabla.

"Usichungulie," aliniambia.

"Nimewahi kuchungulia?"

"Hujawahi. Miaka ishirini na sita, hata mimi hujanichungulia vizuri."

Akacheka, kikohozi kikambana. Mimi nikapaka gundi.

Nikakaa na Goro sebuleni miaka minne. Asubuhi namsalimia. Namuaga nikienda karakana, ambayo ni hatua kumi na mbili kutoka mlangoni. Msinicheke. Kuna wiki ilikuwa inapita, sauti yangu naisikia hapo tu.

Halafu mgongo ukagoma. Wiki tatu hospitali.

Niliporudi, sebuleni palikuwa na alama nne kwenye mkeka, pale miguu yake iliposimama. Goro hayupo.

Shemeji Tatsuro alikuja na mfuko wa machungwa. Yeye ndiye anayenishughulikia maonyesho, maana mimi na watu hatuelewani.

"Goro yuko wapi?"

"Shemeji, kaa kwanza."

"Nimelala wiki tatu, sitaki kukaa. Goro yuko wapi?"

"Nilimpeleka kwenye maonyesho Kanazawa. Akatokea mzee mmoja... akakaa naye mchana kutwa. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu akaja na kiti chake."

"Ukamuuza."

"Dada mwenyewe aliniamb..."

"Usimtaje dada yako kwa mdomo huo."

"Shemeji, nisikilize dakika moja tu."

"Toka. Na machungwa yako."

Alitoka. Machungwa aliyaacha kizingitini, yakaozea hapohapo.

Anwani ya mnunuzi nilipewa na wenye maonyesho. Nikaazima gari dogo, nikaenda Takaoka.

Mnunuzi alikuwa Mzee Kuninaka, daktari wa meno mstaafu, miaka sabini na tisa, mjane. Alinipokea kama vile nimetumwa na mfalme.

"Fundi mwenyewe! Ingia, ingia. Viatu acha popote."

Goro alikuwa ukumbini, uso kwenye mlango. Shingo yake nyuma ilikuwa imeanza kung'aa. Ndani ya wiki mbili tu, mkono wa mtu ulikuwa umeshapalainisha pale.

"Nina sanamu thelathini humu ndani," mzee alisema huku akimimina chai. "Farasi, korongo, samaki. Zote zinanitazama kama wagonjwa wanaosubiri kung'olewa jino. Huyu ndiye pekee anayenipuuza."

Sikucheka.

"Nikirudi kutoka dukani namkuta anangoja mtu. Namwambia, ni mimi tu. Haamini."

"Daktari, nimekuja kumchukua. Pesa yako yote ninayo hapa."

Akamgusa Goro shingoni.

"Nimemkosea nini?"

"Hujakosea. Mke wangu yumo humo ndani."

Nikamweleza habari ya barua. Akaweka kikombe chini taratibu, kama vile kuna mtu amelala.

"Wangu yuko mlimani, nyuma ya hekalu," akasema. "Mchukue."

Tukambeba wawili. Yeye akashika miguu ya nyuma, anahema, na hakutaka nimsaidie.

"Ila uwe unakuja, fundi. Alhamisi sina shughuli. Kusema kweli, hakuna siku nina shughuli."

"Mimi si mtu wa kutembelea watu."

"Njoo tu, fundi. Au nitakuja mimi kumwona."

"Sipokei wageni."

Akainama kuniaga. Kwenye kioo cha gari nilimwona bado ameinama hadi nilipokata kona.

Hapo ningeishia, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Lakini nilifika nyumbani na hofu. Nilikuwa nimekaribia kuipoteza barua ya Yaeko bila kujua ilisema nini. Miaka arobaini nimeshika kanuni ya fundi wangu. Siku ile nikachukua msumeno, nikaufuata mstari wa gundi.

Mkafuri uliokauka una hasira zake. Msumeno ulipofika kifuani ukaacha mstari, mti ukapasuka kwa mlio, hadi sikioni.

Barua ilikuwa imekunjwa mara nne, inanuka kafuri. Sikuona jina langu. Juu ilikuwa imeandikwa: Kwa utakayemnunua Goro.

Nikasoma nimesimama.

"Mume wangu hatamuuza mwenyewe, kwa hiyo kazi hiyo nimempa mdogo wangu. Nimemwambia atafute mtu mpweke mwenye moyo mzuri. Kama ni wewe, ombi langu ni hili. Mume wangu atakuja kwako amekasirika. Mpe chai. Mwambie arudi tena. Atakataa. Mwambie mara ya pili."

Basi.

Nilikaa sakafuni kwenye vumbi la mbao... Yaeko hakumtegemea mtu aisome ile barua. Lilikuwa ombi, na lilikuwa limeshajibiwa. Mzee hakuona hata herufi moja, na bado alinipa chai, akaniambia nirudi, akaniambia mara ya pili.

Nilimpigia Tatsuro siku hiyo, kesho yake, na wiki nzima. Hapokei.

Januari nikarudi Takaoka. Nyumba imefungwa, theluji mlangoni haina hata alama ya mguu. Jirani alikuwa anazoa theluji kwa koleo upande wake.

"Unamtafuta daktari? Amehamia kwa binti yake, Sendai. Binti amembembeleza miaka mitano anakataa. Mwezi juzi akakubali tu, ghafla."

"Aliacha anwani?"

"Wewe ni nani kwake?"

Nikainama kumuaga, nikarudi kwenye gari.

Funzo langu ni fupi, maana mimi si msomi. Mtu akikwambia uje tena, muulize saa ngapi.

Hesabu yangu ndiyo hii.

Mbwa mmoja, vipande viwili, na ufa usiozibika.

Shemeji mmoja, aliyetii neno la dada yake, hapokei simu yangu.

Mzee mmoja, yuko Sendai, mtaa siujui.

Kikombe kimoja cha chai, na sikukimaliza.