Mfuko wa Saruji na Mawaridi ya Bibi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Bibi alitoka nje kuyatazama mawaridi yake. Yalikuwa kando ya njia, kutoka mlangoni mpaka getini. Aliyapanda kwa mikono yake, na aliyajua moja moja.

Shida ilikuwa magugu. Akimaliza kung'oa upande wa geti, upande wa mlango umeshaota tena. Na magoti ya Bibi hayakuwa yale ya zamani. Siku moja aliinama, kuinuka kukamshinda. Mkwewe alimkuta ameshikilia ukuta, anacheka huku machozi yanamlengalenga.

"Mama, uko hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu gugu la pili," Bibi alijibu.

Jioni mwanawe aliambiwa. Yeye ni fundi mwashi, hodari kweli, ila kwake kila tatizo dawa yake ni saruji. Ukuta ukipasuka, saruji. Kuku wakichimba uani, saruji. Kesho yake alileta mfuko mzima akauweka kando ya mlango.

"Mama, wewe na magugu basi. Nitasakafia hapa pote. Utakuwa unafagia tu."

"Na mawaridi yangu?"

Fundi alitazama viatu vyake. "Tutakununulia mengine, ya kwenye chungu."

Bibi alikwenda chumbani, chai yake ikapoa mezani.

"Baba watoto, umemuumiza mama," mkewe alisema. "Tafuta njia nyingine."

Fundi alikuna kichwa. Kazini kwake, kabla ya kumwaga zege la sakafu, hutandika nailoni nene ili unyevu usipande. Akaona kinachozuia maji kitazuia na magugu. Basi akatandika nailoni ile kuzunguka mawaridi yote, akaifunika kwa magome ya miti yaliyokatwakatwa. Kazi ikapendeza. Magugu yakatoweka, na Fundi akatembea kifua mbele.

Haikuchukua muda, majani ya mawaridi yakaanza kuwa ya manjano. Mvua iliponyesha, maji yalisimama juu ya nailoni, kisha yakamwagikia njiani pamoja na magome. Bibi aliinua pembe ya nailoni, akachomeka kidole kwenye udongo. Ulikuwa mkavu.

"Mwanangu," alisema taratibu, "umeyavalisha mawaridi koti la mvua."

"Ndiyo maana nilisema tusakafie," Fundi alinung'unika, akautazama mfuko wa saruji.

Lakini mkewe alikuwa ameshakwenda kumwita jirani yao, muuza miche. Mtaa mzima humwita Mama Miche. Alikuja na kipande cha kitambaa cheusi.

"Wazo lako si baya, fundi," alisema. "Ila mmea unakunywa na unapumua. Hebu kishike hiki."

Fundi akakishika. Mama Miche akakimwagia kikombe cha maji. Maji yakapita, yakamlowesha Fundi viatu. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

"Hiki ni kitambaa cha kuzuia magugu," Mama Miche alieleza. "Maji yanapita, hewa inapita. Mwanga ndio haupiti. Gugu lisipoona mwanga halina ujanja."

"Basi natoa nailoni, natandika hiki, kwisha?"

"Haraka ya nini? Kwanza tung'oe magugu yote na mizizi yake. Hasa ndago. Ukiacha vile viazi vyake chini, vitatoboa kitambaa na kukucheka."

Waliondoa magome na nailoni, wakang'oa magugu, wakasawazisha udongo, wakaumwagilia vizuri, kisha wakatandika kitambaa kama kile. Penye kila waridi, Mama Miche alipasua kitambaa kutoka ukingoni, akakata msalaba mdogo ili shina lipite. Vipande vilipokutana, alivipandisha kimoja juu ya kingine kwa shubiri moja. Fundi naye alipata kazi ya kumfaa: alikunja vipande vya waya mnene, akavipigilia kushikilia kitambaa. Sasa alikuwa anapiga mluzi.

"Mbona tunarudisha magome, kama kitambaa chenyewe kinazuia?" aliuliza.

"Jua litakila. Magome yanakikinga, tena yanatunza unyevu. Weka unene wa vidole vinne. Ila usiyalundike kwenye shina, litaoza."

Bibi, aliyekuwa akisimamia kazi kutoka kwenye kiti, aliuliza lake. "Na magugu hayataota tena?"

"Sikudanganyi, mama. Upepo utaleta mbegu juu ya magome. Lakini ukiliwahi gugu likiwa dogo, unalinyofoa kwa vidole viwili. Na majani makavu yakidondoka, yafagieni, yasije yakaoza yakawa udongo wa magugu kuotea."

Mawaridi yalichipua upya. Ua la kwanza lilipochanua, Bibi aliwaita wote walione, hata Mama Miche. Alikuwa na furaha isiyofichika.

Mfuko wa saruji ulikuwa bado mlangoni. Fundi aliuzungukazunguka, kisha siku moja akaufungua. Alijenga benchi dogo kando ya mawaridi, lenye kimo cha kufaa magoti ya mama yake.

Asubuhi iliyofuata Bibi alikaa hapo na kikombe chake. Aliona gugu dogo juu ya magome. Akanyoosha mkono bila kuinuka, akalinyofoa kwa vidole viwili, akamwonyesha mwanawe.

"Saruji yako nzuri, mwanangu," alisema. "Ilikuwa inatafuta mahali pake tu."

Kisha akanywa chai yake ikiwa bado ya moto.