Kadi ya Karani

"Usiniambie ulisema ukweli, shoga. Mume wangu ameanguka bafuni, hajafungua macho tangu jana."

Aliyesema hivyo alikuwa jirani, fundi cherehani, mkono kiunoni na futi ya kupimia shingoni. Mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa habari ikimpitia asubuhi, kufika saa sita kila mteja anayo. Siku hiyo hakuleta umbea. Wanawake waliokuwa wakianika nguo walipunguza kasi ya mikono ili wasikie vizuri.

Mama yake Karani aliketi kizingitini, maana miguu haikumbeba tena kwa muda mrefu. Alijibu polepole kwamba kila alichohisi alikisema, na binti yake alikiandika.

Nyuma ya pazia, binti huyo alikumbatia daftari lake la hesabu.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina la Karani alipewa na majirani kwa mwandiko wake mzuri. Mama yake na mume wa Redio, fundi baiskeli, waliugua saratani ya aina moja. Dawa zilizokuwepo zilikuwa zimeshindwa. Hospitali ilipoanza kujaribu dawa mpya, wote wawili walijitolea. Kabla hawajatia saini, daktari aliwaeleza bila kuficha kwamba jaribio hilo la mwanzo lilikuwa la kujua mwili unavumilia kipimo gani cha dawa, wala halikuwa ahadi ya kupona. Kundi la kwanza, alimokuwa mama, lingepewa kipimo kidogo. Likivumilia, kundi la pili, alimokuwa fundi baiskeli, lingeongezewa.

Kila jioni mama alipaswa kujaza kadi ya dalili. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, kwa hiyo yeye alisema na Karani akaandika. Siku ya nne alisema ameona giza aliposimama, na moyo umerukaruka kama kuku aliyefungwa kamba. Karani alikuwa amemsikia muuguzi akisema kwamba dawa ikimzidi mtu, atasimamishwa. Masikioni mwake, kusimamishwa kulikuwa sawa na kuzikwa. Akaandika, kwa mwandiko ule ule wa kusifiwa: Hakuna tatizo. Akaandika hivyo siku saba mfululizo. Muuguzi alipouliza, mama alijibu kwamba yote yamo kwenye kadi. Vipimo vya damu vilikuwa safi. Kundi la pili likaongezewa.

Hata hivyo, moyo haukumruhusu kuyatupa maneno ya mama. Aliyaandika nyuma ya daftari la hesabu, kila siku na tarehe yake.

Sasa alitoka nyuma ya pazia.

"Mama hakudanganya," alisema. "Ni mimi."

Redio alilichukua daftari akalisoma. Mama aliuliza kitu kimoja tu: siku ngapi? Aliposikia ni saba, alifunika uso kwa upande wa nguo yake.

Walikwenda hospitali watatu, mama akiwa katikati, Redio akimshika bega moja bila kumtazama. Muuguzi alinakili kila mstari. Siku hiyo hiyo daktari aliisimamisha dawa kwa wagonjwa wote, na wakaanza kuutibu moyo wa fundi baiskeli, maana sasa walijua wanatafuta nini. Karani aliomba mama aachiwe japo nusu kidonge. Daktari alikataa kwa upole.

Muuguzi alimkalisha kwenye benchi. "Dawa mpya ni bubu, mwanangu," alisema. "Anayeimeza ndiye mdomo wake. Ukiuziba mdomo huo, anayefuata anameza gizani. Ukweli mchungu uandike hivyo hivyo ulivyo."

Nyumbani, mama alilala akielekea ukutani, kisha akageuka.

"Nilijua haitaniponya. Nilitaka nimfae anayefuata, basi. Hicho ndicho ulichoninyang'anya." Kisha mkono wake wenye ganzi ukatafuta kichwa cha binti yake. "Na leo umenirudishia. Usilie sana, utalowesha daftari, mwalimu atadhani hesabu ndizo zilizokuliza."

Baada ya wiki mbili fundi baiskeli alirudi nyumbani akitembea. Mama yake Karani hakuinuka tena kitandani.

Karani alikwenda kuomba radhi peke yake. Nyumba ya Redio ilijaa kama kawaida: wateja, watoto, sahani chini. Alisimama mlangoni, akaamkia, akasema aliyokuja kusema. Cherehani ilinyamaza. Kutoka kwenye mkeka fundi baiskeli aliuliza ni nani huyo.

"Karani," Redio alijibu. Akamgeukia mtoto. "Mama yako amekula?"

"Vijiko viwili."

"Na wewe?"

Karani alitazama chini.

Redio alimsukuma mwanawe kwa goti. "Sogea, mpishe mwenzio." Akachukua sahani safi. "Vua viatu, uingie ule. Ya mama yako nitaipeleka mwenyewe."