Mnazi Uliosukwa

Asubuhi ile msusi alifungua dirisha la sebuleni, akageuka kuutazama mnazi wake wa mapambo, akakuta kuti moja limesukwa.

Halikukunjwa wala kufungwa fundo. Limesukwa twende kilioni, ule mtindo wa harakaharaka wa mtu mwenye msiba, vijani vimelazwa kimoja juu ya kingine hadi nchani. Na ncha imefungwa uzi mweusi. Uzi wake wa kazi, jamani, wa kutoka kwenye droo yake mwenyewe!

Sebule ndiyo ilikuwa saluni: kiti, kioo, ndoo ya maji, na kwenye kona ya giza, mnazi ndani ya chungu chake. Mnazi wa ndani una madeko kuliko bibi harusi. Maji yakizidi mizizi inaoza, yakipungua ncha zinakauka, ukikosa mwanga unanyong'onyea. Ya majirani ilikufa yote. Wa msusi ulinawiri gizani mpaka ukagusa dari. Wakimuuliza siri yake alicheka tu. Siri ilikuwa kwenye ufagio: nywele alizozoa sakafuni hakuzitupa, alizifukia chunguni, maana aliwahi kusikia kuwa nywele ni mbolea. Vichwa vya mtaa mzima vilikuwa mle. Hata zake mwenyewe, na za bintiye Kidoti alipompunguza juzi, alizifukia humo humo.

"Wifi, hebu njoo," aliita.

Wifi yake, dada wa mumewe, aliishi nao na kumsaidia kusuka, kwa kuwa mume alikuwa mtu wa safari za lori.

"Huu ni mkono wako."

"Mimi nisuke majani? Nimekuwa mwehu?"

"Kila msusi ana mkono wake. Na huu niliufundisha mimi."

"Basi wifi, si unafanana na wako pia!"

Msusi akageukia kazi zake, ila moyoni hakutulia. Wateja siku hizi walianza kumuulizia wifi kwanza. Anataka kunitia hofu nimwachie saluni, aliwaza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho yake makuti yote yalikuwa yamesukwa. Chumba kilinuka udongo mbichi na mafuta ya nywele, harufu nzito ya kichwa kisichooshwa. Msusi hakuuliza tena. Alibeba nguo za wifi akazitupa barazani.

"Toka na uchawi wako!"

"Wifi, naapa kwa mama yangu..."

"Mwache mama yako apumzike. Toka!"

Wifi akaondoka analia, Kidoti, na mafua yake, akamfuata nyuma anamlilia shangazi yake. Msusi alimwacha aende. Njaa ikimuuma atarudi, alisema.

Na kweli, alasiri akamkuta Kidoti ameketi kando ya chungu, kimya, amesukwa vizuri twende kilioni. Msusi akasonya. Huyu wifi hana haya, mtoto mdogo anamsuka msuko wa msiba! Simu ikaita, wifi. Akaikata. Ikaita tena na tena, akaizima kabisa.

Kidoti hakula. Alikunywa maji tu, kikombe baada ya kikombe. Na msusi alipopita karibu na kona alisikia kitu kikichanwa taratibu, shwaa, shwaa, kama chanuo kwenye nywele kavu, na alipogeuka mtoto alikuwa ametulia na mikono mapajani, na makuti yalikuwa yakitikisika ijapokuwa dirisha lilikuwa limefungwa, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama wifi hakuwa na kosa.

Asubuhi iliyofuata mteja mmoja aliyeyaona makuti yale alimletea mganga, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Aliinama akanusa chungu.

"Umekuwa ukikilisha nini?"

"Nywele," msusi alinong'ona.

"Nywele za watu? Ah, mwanangu! Umemlisha jini, umempa na sura za kuvaa. Kata kilele. Mnazi ukikatwa kilele hauchipui tena. Kata wewe, maana wewe ndiye uliyemkaribisha."

Msusi akapanda kiti, kisu mkononi. Kisu kilipogusa lile kuti changa la katikati, Kidoti akapiga yowe ameshika kichwa.

"Mama, unaniumiza!"

"Nimwache?" msusi alimlilia mganga. "Nimwache, mama?"

"Kata!"

Akakata, machozi yakimchuruzika mpaka shingoni, akikata na kumwita mwanawe, akikata na kumwomba radhi, hadi kilele kikaanguka chini na yowe likakatika. Mganga akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akakusanya vitu vyake mbiombio na kutoka, hata maji aliyoomba hakuyanywa.

Msusi akaketi sakafuni, akamlaza Kidoti mapajani. Yameisha, alijiambia. Akawasha simu ili amtake radhi wifi yake. Kabla hajabonyeza, ikaita.

"Usipokee, mama," sauti ya mapajani ikasema taratibu.

Akapokea.

"Wifi, hasira gani hizi!" wifi alifoka. "Tangu jana nakupigia. Mtoto ninaye huku kwa rafiki yangu, hajalala, anakulilia wewe. Nimlete?"

Na nyuma ya wifi, Kidoti, kwa ile sauti yake ya mafua: "Mama, njoo unichukue."

Mkono wa msusi ulikuwa bado juu ya kile kichwa kilichosukwa. Hakuuondoa. Kile kilichomlalia kilianza kumshika kiuno, kwa upole, kama mtoto anayeogopa kuachwa.

"Usimlete," alisema. "Funga mlango, wifi yangu. Na hata ukiniona mimi mwenyewe nimekuja kumchukua, usifungue."