Chai ya Saa Nane Usiku

Kila alfajiri Mwanvita alibandika sufuria tatu za chai. Aliishi Mafiga, mjini Morogoro. Kazi yake ilikuwa kupika na kupeleka chakula kwenye mikutano na harusi. Iliki na mdalasini vilitoka Kinole, mlimani, kwa shangazi yake Hidaya. Aliyekunywa chai ya Mwanvita siku moja hakuisahau.

Tatizo lilikuwa simu. Jikoni kuna kelele. Mwezi uliopita mteja alisema Jumatano, yeye akasikia Jumatatu. Alifika ukumbini na pilau ya watu sitini, akakuta mlango umefungwa. Mteja yule akatafuta mpishi mwingine.

Mumewe, Dadi, akamleta Geofrey, kijana fundi wa tovuti.

"Tovuti ni kama duka lililo ndani ya simu," Geofrey alieleza. "Mteja anaona vyakula, anaandika anachotaka na lini. Wewe unapokea ujumbe. Hakuna kusikia vibaya."

Baada ya wiki tatu alirudi akitabasamu.

"Shikamoo, mama. Kazi imeisha. Iko freshi kabisa!"

"Marahaba, mwanangu. Basi kesho naitangaza kwenye makundi yote ya WhatsApp, kama nilivyowaahidi watu."

Jirani yao Modesta, mwalimu wa kompyuta, alikuwa amekuja kununua sambusa. Akasikia, akamgeukia Mwanvita.

"Hongera, Mama Shamimu. Nani ameijaribu?"

"Si Geofrey mwenyewe?"

"Geofrey ameijenga. Anajua pa kubonyeza. Mteja hajui. Wewe unaweza kupakua mchuzi bila kuonja?"

Mwanvita hakupenda. Alikwisha kuwaahidi watu kuwa ni kesho. Watamwonaje? Lakini akaukumbuka ule mlango uliofungwa. Akashusha pumzi.

"Haya, mwalimu. Tunaonjaje?"

"Tuwape watu wasioijua, wenye simu tofauti. Tusiwafundishe. Tuwaangalie tu."

Dadi akatoa simu yake ya zamani yenye kioo kidogo. Akatelezesha kidole juu, akatelezesha chini.

"Naagizia wapi sasa?"

Kitufe cha kuagiza kilikuwa kimefunikwa na picha ya pilau. Kwenye simu kubwa ya Geofrey kilionekana vizuri. Geofrey akakuna kichwa.

Wakampigia shangazi Hidaya kule Kinole, ambako mtandao ni wa kubahatisha, wakamwomba aifungue.

"Mwanangu," alisema, "kiduara kinazunguka tu. Nimemenya ndizi mkungu mzima, bado kinazunguka!"

Picha zilikuwa nzito mno. Geofrey akaandika kwenye daftari.

Kisha Modesta akaagiza chai ya watu arobaini. Palipoandikwa "saa", akajaza 2, maana alitaka saa mbili asubuhi. Simu ya Mwanvita ikalia. Akasoma ujumbe, akashika kiuno.

"Chai ya watu arobaini, saa nane usiku! Mwalimu, unawalisha wachawi?"

Wote wakacheka, isipokuwa Geofrey. Tovuti yake ilihesabu saa kuanzia saa sita usiku. Modesta alihesabu kuanzia alfajiri, kama tunavyohesabu sote.

"Mama, nisamehe," Geofrey alisema kwa sauti ndogo.

"Usione haya," Modesta akamwambia. "Kosa tukiliona sisi, ni kazi. Mteja akiliona, ni hasara. Ndiyo maana tunajaribu kabla ya kutangaza."

Mwanvita akawaandikia watu wake: "Nivumilieni kidogo. Bado naiandaa."

Geofrey akapunguza uzito wa picha. Akakisogeza kitufe. Mahali pa saa akaweka orodha ya kuchagua: saa moja asubuhi, saa mbili asubuhi, mpaka saa mbili usiku. Siku nne baadaye akarudi.

"Tayari, mama."

"Bado," Mwanvita akasema mwenyewe, kabla Modesta hajafungua mdomo. "Tunaanza upya, toka mwanzo."

Ilikuwa bahati. Dadi aliona kitufe, akaagiza, lakini ujumbe haukufika. Katika kurekebisha, Geofrey alikosea tarakimu moja ya namba ya Mwanvita. Akairekebisha palepale. Wakajaribu mara ya tatu. Modesta akaagiza kwa makusudi chakula cha jana. Tovuti ikamwambia achague siku nyingine. Kinole nako picha zikafunguka.

"Hizo sambusa ndizo hizo?" Hidaya aliuliza. "Mbona zinanitamanisha?"

Siku ya tisa tangu waanze kujaribu, Mwanvita akatangaza.

Oda ya kwanza ilitoka kwa mtu asiyemjua: Yuliana, karani wa ofisi moja mjini. Chai na sambusa, watu thelathini, Alhamisi, saa mbili asubuhi. Mwanvita aliusoma ujumbe mara mbili. Ulieleweka.

Alhamisi alipofika, Yuliana alikuwa ameshika mlango wazi, vikombe vimepangwa.

"Umefika kwa wakati, dada. Nani amekutengenezea ile tovuti? Nimeagiza kwa dakika mbili, sikumuuliza mtu."

Mwanvita akatua chupa kubwa ya chai mezani.

"Kijana mmoja anaitwa Geofrey ndiye aliyeijenga," alisema. "Halafu mimi na jamaa zangu tukaisumbua mpaka ikanyooka."