Mafigo ya Mbuzi wa Karani

Kila Jumamosi Nanyama alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaosha vyombo vya kwao. Jumamosi moja ya mwaka 1958, hapo Kangemi, kazi iliongezeka. Mwenye nyumba wao, Bwana Mungai, karani wa afisi moja mjini, alikuwa amenunua mbuzi sokoni Dagoretti ili awakirimu wenzake wa kazini. Mzee Wahome, mchinjaji wa mtaani, alimchinja, akamchuna, akatoa matumbo, akaitundika nyama nzima nyuma ya nyumba, kisha akaenda kuoga. Nanyama akapewa karai la matumbo akayaoshe mtoni.

Aliporudi, wageni walikuwa wamekwisha kufika. Bwana Mungai aliyapekua matumbo kwa kijiti mbele yao, tai ameitupa begani.

"Mafigo yako wapi?"

"Hayakuwamo, Bwana."

"Matumbo yamo, maini yamo, mafigo yameota mabawa? Umeyala huko mtoni. Nyinyi wapangaji mna mkono mrefu. Mwambie baba yako afunge virago. Kesho mhame."

Nanyama aliliweka karai chini. Mwizi! Yeye ambaye hajawahi kuokota hata ndizi ya mtu! Na wageni wote, watu wazima, walitazama tu, huku mtu asiyejua kushika kisu cha kuchinjia akimhukumu mtoto wa watu.

"Bwana, mafigo hayatoki pamoja na matumbo," alisema. "Mwalimu Zedekiah alitufundisha shuleni. Kuna utando unaozunguka matumbo. Mafigo yako nyuma yake, yameshikana na mgongo. Hata sisi watu tuko hivyo."

"Sasa unanifundisha mimi?"

"Hapana, Bwana. Twende tukaangalie."

Mzee Wahome alikuwa ametoka kuoga, amesikia yote. Aliwaongoza wote nyuma ya nyumba, penye nyama. Aliingiza kidole gumba ndani ya mbuzi, akauchana utando mgongoni, akamenya mafuta. Figo la kwanza likatokea, kisha la pili, moja kila upande wa uti wa mgongo.

"Haya mimi huyatoa mwisho," alisema. "Karani, umekula mafigo miaka hii yote na hujui yanakaa wapi?"

Wageni walicheka. Bwana Mungai naye akacheka kidogo, akakata figo moja, akamnyooshea Nanyama. "Basi, yameisha. Chukua ukachome."

Nanyama aliweka mikono nyuma. "Sikuomba figo. Uliniita mwizi mbele ya watu. Waambie sikuiba."

Bwana Mungai alimtazama Mzee Wahome, lakini mzee hakumsaidia.

"Nanyama hakuiba," karani alisema hatimaye. "Na hakuna atakayehama. Nisamehe, mama."

"Sasa umesema," Mzee Wahome alimwambia. "Kutojua si kosa, na kuuliza si ujinga. Kosa ni kuhukumu kabla ya kutazama. Nawe Nanyama, ukiijua kweli, isimamie hivyo hivyo, hata anayebisha akiwa ndiye mwenye nyumba."