Namba Iliyozikwa Ukutani

Fundi Timazi alikuwa mwashi kwa miaka arobaini. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake. Timazi ni ile kamba yenye kipande cha chuma, ambayo mwashi huining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. Yeye hakuwa na haja nayo sana. Alifumba jicho moja tu, akasema, "Umeinama kidogo kushoto," na ukuta ukaona aibu.

Plasta yake ilikuwa laini kupita kiasi. Watu walisema nzi akitua juu yake huteleza mpaka sakafuni, kisha huondoka akichechemea. Mjusi mmoja alijaribu kupanda, akaishia kurudi kwao na kubadilisha kazi.

Lakini nyumbani kwake mwenyewe? Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa na nyufa kama ramani. Ulipakwa rangi ya mafuta zamani, na rangi yenyewe ilikuwa imechoka. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, aliomba ukuta huo upigwe plasta kwa miaka ishirini.

"Lini, baba watoto?"

"Kesho, bibie."

Kesho hiyo haikufika hata siku moja.

Nyumbani waliishi watu watatu: Timazi, mkewe, na mama wa mkewe, ambaye wote walimwita Bibi. Binti yao alikuwa ameolewa mbali. Asubuhi Timazi alibeba mwiko na karai akaenda kazini. Mkewe alikaa kwenye cherehani yake karibu na dirisha. Bibi alikaa pembeni yake, akikunja vipande vya vitambaa na kuvikunjua.

Kumbukumbu za Bibi zilikuwa zinamtoka moja moja, kama wageni wanaoondoka kwenye sherehe bila kuaga. Kwanza alisahau alikoweka kitana. Halafu akasahau njia ya dukani. Mwishoni akamsahau binti yake mwenyewe.

"Dada mshonaji," alimwambia siku moja, "una mikono mizuri. Mama yako yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Mtunze."

"Namtunza."

Mshonaji aliinamisha kichwa juu ya cherehani. Siku ile alishona mkono wa gauni mahali pa shingo.

Kitu kimoja kilimfariji. Miezi michache kabla ya hapo, Timazi alianguka kazini akavunjika mguu. Yeye husimulia kwamba alianguka kutoka ghorofa ya tatu. Ukweli ni ngazi, tena hatua ya pili. Alilala kitandani miezi mitatu. Binti yao alimletea simu mpya, akamfundisha kuifungua kwa alama ya kidole gumba cha kulia.

"Na namba ya siri je?" binti aliuliza. "Chagua tarakimu sita, baba. Usiniambie mimi wala mtu mwingine. Uzihifadhi kichwani."

Timazi alichagua. Lakini mwashi hahifadhi namba kichwani. Mwashi huandika vipimo ukutani, kwa penseli, hapo hapo anapofanya kazi. Basi akachomoa penseli yake nyekundu nyuma ya sikio, akaiandika namba kwenye ukuta ulio kando ya kitanda. Kila simu ilipotaka namba, aligeuza shingo, akaisoma.

Wakati ule Bibi alikuwa bado anawajua watu. Mchana alikuja kukaa na mkwewe mgonjwa. Siku moja aliimba wimbo aliokuwa akimbembelezea binti yake alipokuwa mdogo. Timazi akabonyeza kitufe, akarekodi. Mwisho wa wimbo Bibi alisema, kwa sauti ya chini, "Kijiko, mwanangu, lala." Kijiko ndilo jina alilompa bintiye, kwa kuwa utotoni hakuachia kijiko hata kitandani.

Sasa hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita mshonaji kwa jina hilo. Kila siku alasiri, kazi ikiisha, alimwambia mumewe, "Nipe simu." Akasikiliza mara moja tu, akairudisha, akaenda kupika. Ilikuwa ndiyo chai yake.

Mguu ulipopona, Timazi alirudi kazini. Wiki tatu alikuwa na saruji mikononi tangu asubuhi hadi alasiri. Kisha, Jumamosi moja, mkewe alipokwenda kununua nyuzi, ile kesho ya miaka ishirini ikafika. Timazi aliupiga plasta ukuta wa chumbani, tabaka jembamba. Mkewe aliporudi, alisimama mlangoni akaweka mkono kinywani.

"Baba watoto!"

"Uguse."

Aliugusa. Akauegemezea shavu. Timazi alijisikia mrefu kuliko nyumba.

Jumatatu alasiri mshonaji aliomba simu kama kawaida. Timazi, ameketi kitandani, akaweka kidole gumba. Simu ikatikisika kidogo, ikakataa. Akakifuta kidole kwenye suruali, akajaribu tena. Ikakataa. Akakipulizia. Akakisemesha kwa upole. Mwishowe simu ikaandika: Weka namba ya siri.

"Hilo tu?" Timazi akacheka. Akageuza shingo kuutazama ukuta.

Ukuta ulikuwa laini, mzuri, mtupu.

Mkewe naye akautazama. Wakatazamana.

"Usiniambie," alisema mshonaji.

"Sijasema kitu."

"Umeizika!"

"Wewe je, si ulikuwa unaisoma kila siku?"

"Niliisoma. Nani angekihifadhi kichwani kitu kilichoandikwa ukutani?"

Timazi akakisia. Akajaribu kuweka tarehe ya ndoa yao. Ikakataa.

"Hata tarehe yenyewe umekosea," alisema mkewe. "Acha. Usiibonyeze tena. Mama yumo humo ndani."

Kesho yake wakampeleka Bibi kwa jirani, wakaenda kwa fundi simu. Alikuwa msichana mchangamfu, mwenye kibanda kidogo karibu na mshona viatu. Mtaa mzima walimwita Bisibisi, kwa kuwa alikuwa na bisibisi ndogo ndogo kama sindano, zimepangwa kwenye mfuko wa shati.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti," alisema Timazi. "Simu yangu imenikana. Juzi ilikuwa rafiki, leo hainijui."

"Nione kidole." Bisibisi akakishika kidole gumba cha Timazi, akakigeuza kwenye mwanga. "Baba, hiki kidole nacho umekipiga plasta?"

Mshonaji akacheka, ingawa hakuwa na hamu ya kucheka.

"Sikia, baba. Kwenye ncha ya kidole kuna mistari midogo, imejikunja. Yangu si kama yako, wala yako si kama ya mama. Siku ya kwanza simu iliisoma mistari yako, ikaihifadhi humo humo ndani. Sasa haipo. Saruji imeisugua. Uliisajili lini?"

"Nikiwa kitandani na mguu."

"Ndiyo maana. Miezi mitatu bila saruji, mistari ilikuwa imerudi. Si waashi peke yao. Wafua nguo, wakulima, wazee wenye ngozi kavu, wote huja hapa na kilio hiki. Hata kidole chenye maji au mafuta simu hukikataa."

"Mistari itarudi?"

"Ukiipumzisha mikono, itarudi. Lakini leo haitusaidii. Simu imeshataka namba. Ikikataa kidole mara kadhaa, hutaka namba. Ikizimwa na kuwashwa, hutaka namba. Hata zikipita siku kadhaa, huuliza tu. Kidole ni njia ya mkato, baba. Namba ndiyo mlango wenyewe."

"Usumbufu wote huu wa nini?"

"Ni kwa usalama wako. Kidole ni kizuri. Ni haraka, na hakuna anayeweza kukichungulia begani kwako kama anavyochungulia namba. Lakini ukilala, mtu anaweza kuchukua kidole chako taratibu, akakiweka kwenye simu, ikafunguka."

Mshonaji akakohoa.

"Vipi, bibie?" aliuliza Timazi.

"Vumbi."

"Humu hamna vumbi."

Mkewe akatazama chini. "Ilikuwa mara moja tu. Ulikuwa umelala mchana, mgongo umeifunika namba ya ukutani. Nilitaka kumsikia mama, sikutaka kukuamsha."

Timazi alimtazama mkewe kana kwamba ni ukuta ambao hakuwahi kuupima vizuri.

"Binti," alisema mwishowe, "ifungue tu. Unaweza?"

Bisibisi akaiweka simu mezani. "Naweza kufuta kila kitu, ianze upya. Itafunguka, lakini ndani patakuwa patupu. Kuna kitu mlichokihifadhi humo tu?"

"Sauti ya mama yangu," alisema mshonaji.

"Hamkumtumia mtu mwingine?"

"Hatukujua kama inawezekana."

"Basi siifuti. Na mtu yeyote akikwambia 'niachie simu na namba yako', chukua simu yako uondoke. Namba ni ya kuingiza wewe mwenyewe. Nendeni mkaitafute. Baba, hukuiandika popote?"

Timazi akajikuna kichwa. "Niliiandika. Ipo chini ya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya."

Walirudi nyumbani. Chumbani, Timazi alisimama mbele ya ukuta. Alikuwa amewapa matajiri kuta mia. Huu peke yake ndio aliompa mkewe.

"Nikiuvunja, sijui kama penseli itaonekana," alisema. "Tunaweza kukosa vyote viwili."

Mshonaji akapitisha kiganja kwenye plasta, taratibu, kama mtu anayeaga. Kisha akaenda kwenye karai, akaleta kikwaruzio, akamkabidhi.

"Nimeishi na nyufa miaka ishirini," alisema. "Nitaishi nazo tena."

Timazi akapigapiga ukuta kwa vidole, akisikiliza. Halafu akaanza kutabasamu, kwa aibu.

"Unacheka nini?"

"Bibie, kabla ya plasta, rangi ya mafuta huparuliwa kwanza. La sivyo plasta haishiki. Nimewafokea vijana kwa kosa hilo miaka arobaini."

"Na wewe?"

"Mguu ulikuwa unauma. Sikuparua."

Mshonaji akaweka mikono kiunoni. "Kwa hiyo kazi yangu uliilipua, ovyo ovyo!"

"Niliilipua, mke wangu. Na Mungu ashukuriwe."

Aliingiza kikwaruzio pembeni, akakisukuma taratibu. Plasta ikaachia kama ganda la yai lililochemshwa. Kipande kikaanguka mkononi mwake, kikubwa kama sahani. Ukutani, juu ya rangi ya zamani, penseli nyekundu ilikuwa bado inaonekana: tatu, moja, nane, nane, tano. Ya sita haikuwepo.

"Moja imeondoka!" alisema Timazi.

Mkewe alikuwa anaangalia nyuma ya kile kipande cha plasta. Pale, kwa wekundu hafifu, palikuwa na tarakimu iliyogeuka, kama unavyoiona kwenye kioo.

"Mbili," alisema. "Ni mbili, imegeuza uso."

Timazi aliingiza tarakimu, moja baada ya nyingine. Simu ikafunguka.

Waliketi kitandani, Bibi katikati yao, maana walikuwa wamemrudisha kutoka kwa jirani. Timazi akabonyeza. Sauti ikajaa chumbani, ikiimba polepole.

Bibi akainua kichwa. "Nani huyo?"

"Ni wewe, mama," alisema mshonaji.

"Mwongo. Huyo anajua kuimba."

Timazi akaficha kicheko. Wimbo ukafika mwisho. Sauti ikasema, "Kijiko, mwanangu, lala."

Mkono wa Bibi ukaacha kukunja kitambaa. Akautafuta mkono uliokuwa karibu, akaupata wa mshonaji, akaupapasa.

"Kijiko amekula?" aliuliza.

"Amekula, mama," alisema mshonaji. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Ameshiba."

"Haya. Basi sawa."

Siku hiyo hiyo walimtumia binti yao ile sauti. Bisibisi naye aliwaonyesha jinsi ya kuweka nakala mahali pengine, ili hata simu ikipotea, sauti isipotee. Wakabadilisha namba ya siri, kwa sababu nusu ya mtaa ilikuja kumjulia hali Timazi alipovunjika mguu, na wote walikaa kitako wakiutazama ule ukuta. Namba mpya Timazi aliihifadhi kichwani. Wiki nzima aliirudia moyoni akipanda ngazi, hatua kwa hatua. Si tarehe ya ndoa, kwa sababu hiyo watu huikisia, na yeye huikosea.

Vidole vilisajiliwa zaidi ya kimoja. Timazi aliweka vya mkono wa kushoto, kwa kuwa mkono huo hushika ubao wa kubebea plasta tu na hauguswi sana na saruji. Safari hii alinawa kwanza, akakausha vidole vizuri. Na kidole cha mshonaji nacho kikawekwa.

"Ili usihangaike na changu nikilala," alisema Timazi.

"Ulikuwa unakoroma lakini," alijibu mkewe. "Hata simu ilisita kidogo."

Kazini sasa huvaa glavu. Wenzake walimcheka siku mbili, siku ya tatu wakauliza zinauzwa wapi. Jioni mkewe humpaka mafuta viganjani, na mistari imeanza kurudi.

Bibi bado anamwita binti yake dada mshonaji siku nyingi. Lakini kila alasiri simu hufunguka, wimbo huanza, na Bibi huusindikiza kwa sauti ya puani, bila kukosa hata mahali pamoja.

Na lile shimo ukutani? Lipo mpaka leo, limefutwa tarakimu zake. Timazi alitaka kuliziba Jumamosi iliyofuata. Alikuwa ameshachanganya saruji.

"Liache," alisema mkewe.

"Lini basi, bibie?"

"Kesho, baba watoto," alisema Kijiko, akarudi kwenye cherehani yake.